Eti Kompyuta Haikosei?

Wadau, hapa Iguhu bado nasikia watu wakisema "kompyuta haikosei". Waingereza wana neno lake, infallible, lenye mzizi wa Kilatini fallere, yaani kudanganya. Sisi tuna maasumu, kutoka Kiarabu: aliyekingwa na makosa. Mimi napenda hili letu, maana linazua swali: kakingwa na nani? Programu tunaziandika sisi, tena na usingizi machoni! Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva za IEBC zikaguliwe. Tume haikutii kikamilifu, na hilo likawa miongoni mwa sababu za kufuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba. Basi ukiambiwa "mtambo umesema", hasa kuhusu pesa zako, dai kuona rekodi.