Ufa Hauzibwi kwa Saruji

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii kila mtoto wa pwani ameisikia kabla hajajua kuhesabu. Lakini wahenga waliposema hivyo hawakuwa na haja ya kueleza ufa uzibwe kwa kitu gani, maana katika zama zao kitu kilikuwa kimoja tu, nacho ni chokaa. Leo mwenye nyumba ya kale akiona ufa hukimbilia dukani kununua mfuko wa saruji. Mimi nasema wazi ya kwamba mtu huyo ataziba ufa, na ukuta ataujenga vile vile.

Nazungumzia majumba yetu ya mawe ya Lamu, Pate, Siyu na Mji wa Kale wa Mombasa. Kuta zake ni vipande vya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, unene wake kiasi cha nusu mita, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana usiozidi sana mita 3, kwa kuwa urefu wa boriti ndio ulioamua. Na zile zidaka ambazo wageni huzipiga picha zimetengenezwa kwa chokaa hiyo hiyo.

Hebu tuangalie kazi ya chokaa, ndugu msomaji. Tumbawe ni jiwe lenye matundu. Hunyonya mvua, hunyonya unyevu wa ardhi, na ndani yake mna chumvi. Ukuta wa namna hii haukujengwa ili maji yasiingie kabisa. Ulijengwa ili yakiingia yapate njia ya kutoka. Lipu ya chokaa ndiyo njia yenyewe. Unyevu hupenya ukaenda zake na upepo, na chumvi huila lipu badala ya kulila jiwe. Lipu ikichakaa hubanduliwa, ikapigwa nyingine, na jiwe likasalimika.

Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko tumbawe lenyewe. Ukuta ukicheza kidogo, saruji hupasuka, na maji huingia katika mpasuko yasipate pa kutokea. Unyevu hupanda ndani kwa ndani hadi kwenye vichwa vya boriti, boriti zikaoza. Chumvi nayo hujigandisha nyuma ya saruji ikaisukuma, na siku inapoanguka huanguka na nyama ya jiwe. Wako na mafundi wanaotia saruji kidogo katika chokaa, ati kuipa nguvu. Hiyo si nguvu. Ni kuiziba pumzi.

Najua jawabu nitakalopewa. Nitaambiwa chokaa ina kazi nyingi, fundi wake hapatikani, na mpangaji anataka kuingia mwezi ujao. Yote haya ni kweli. Zamani matumbawe yalirundikwa juu ya kuni yakachomwa, yakatiwa maji yakachemka na kuvunjika, kisha chokaa ikawekwa ikae muda mrefu kabla haijaguswa na mwiko. Hupigwa kwa matabaka membamba, na kila tabaka hurushiwa maji lisikauke kwa pupa, kwani chokaa hupata ugumu wake kwa kuvuta hewa polepole. Ni kazi ya subira. Lakini anayepiga saruji leo, kesho atalipia saruji nyingine, na boriti mpya, na mwisho dari nzima. Basi rahisi iko wapi?

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Nyumba nyingi za mawe ni za mirathi. Warithi ni kumi, mmoja yuko Mombasa, mwingine Jeddah, mwingine hajulikani aliko, na hakuna anayetaka kutoa senti. Nyumba hupakwa saruji, huoza, kisha huuzwa kwa kuwa “imekwisha”. Hununuliwa na mgeni kutoka Ulaya, na kazi yake ya kwanza ni kuikwangua saruji na kumtafuta fundi wa chokaa! Mjukuu wa mwenye nyumba sasa huingia humo kwa kazi ya kubeba mizigo ya watalii.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyalilia majumba ya Pate katika Al-Inkishafi baada ya wenyewe kutoweka. Sisi tungali hai, na kuta zinaporomoka mbele ya macho yetu. UNESCO iliuandika mji wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ni heshima kubwa, lakini heshima haizibi ufa.

Rai yangu ni hii. Kwanza, wasimamizi wa wakfu na kamati za misikiti ya kale watangulie, kwa kuwa wao wakipiga chokaa, mtaa mzima utafuata. Pili, mafundi wazee waliobakia wapewe vijana wa kuwafunza, na walipwe kwa kufunza. Tatu, warithi waweke fungu la kodi kila mwezi kwa ajili ya ukuta kabla hawajagawana. Asiyeweza kutengeneza nyumba nzima na aanze na ukuta mmoja, kisha aupake chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, kama walivyofanya mama zetu. Na saruji iliyokwisha kushikana na jiwe asiivunje kwa nyundo na pupa, asije akang’oa na jiwe lenyewe. Amwite fundi aitazame kwanza.

Nyumba ya mirathi ni mali yetu kwa sheria, lakini kwa watoto wetu ni amana. Na amana hurudishwa ikiwa nzima.