Dansi Mbele ya Sheria

Kila mjadala wa klabu za usiku unapozuka katika miji yetu, hoja moja huzitangulia nyingine zote: kukesha kwenye dansi ni mambo ya Wazungu, sisi tuna maadili yetu. Makala hii inaipinga hoja hiyo. Ukizichunguza nchi moja moja, utaona kwamba msimamo wa kila moja kuhusu dansi hutegemea zaidi sheria iliyopo, aliyeitunga, na alichokuwa akikihofia siku alipoitunga.

Japani ina ngoma za kuwaenzi wahenga zinazochezwa hadharani kila kiangazi, wazee kwa watoto. Hata hivyo, mwaka 1948, kwa kuhofia ukahaba uliohusishwa na kumbi za dansi, serikali iliweka sheria iliyotaka ukumbi wa kuchezea uwe na leseni maalumu; baadaye ikataka pia ufungwe usiku. Kwa miaka mingi wenye klabu walifumbiwa macho, hadi mwanafunzi mmoja alipouawa katika ugomvi klabuni huko Osaka mwaka 2010, na misako ya polisi ikaanza. Baadhi ya klabu zikabandika matangazo ya kuwakataza wateja kucheza. Spika zinanguruma, dijei yuko kazini, na kijana aliyelipa kiingilio inambidi asimame tuli, asije akaonekana anaufuata mdundo! Mwenye klabu ya Noon aliyeshtakiwa kwa kuchezesha watu bila kibali aliachiwa huru na mahakama mwaka 2014, na tangu 2016 dansi linaruhusiwa hadi alfajiri, mradi ukumbi usiwe gizani. Wajapani ni walewale, na ngoma zao za kiangazi ni zilezile.

Ujerumani nayo, ambayo wengi huitaja kama mfano wa ulegevu, hukataza madansi ya hadhara siku ya Ijumaa Kuu. Nchi hiyohiyo, mwaka 2016, ilishuhudia mahakama ikiamua kwamba klabu ya Berghain ya Berlin itozwe kodi ya asilimia 7 inayotozwa matamasha, badala ya 19 ya starehe za kawaida. Mwaka 2021 wabunge waliitaka serikali izitambue klabu kuwa taasisi za utamaduni, maana katika mipango miji zilikuwa fungu moja na kasino na madanguro.

Lakini ushahidi ulio mzito zaidi uko nyumbani. NUTA Jazz ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Bendi nyingine, Mlimani Park, ikaja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Wanamuziki walilipwa mishahara ili watu wacheze hadi usiku mkubwa. Na katika zama hizohizo, mwaka 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa. Kucheza hakukuwa kosa; kosa lilikuwa kucheza muziki ambao dola haikuuasisi wala kuumiliki. Vijana walioitwa wahuni kwa kucheza soul walikuwa wakifanya kilekile walichofanya wenzao waliokwenda kusikiliza bendi ya chama.

Wapo watakaosema kwamba dini ndiyo mpaka. Dini ina haki kamili ya kumwelekeza muumini wake, ila haithibitishi kwamba dansi ni ugeni kwetu: ngoma ya beni ilizaliwa katika miji ya Kiislamu ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890. Pingamizi la majirani lina uzito zaidi. Nairobi ilipotangaza mwaka 2022 kuzinyima leseni klabu za usiku zilizo katika makazi ya watu, ilikuwa ikijibu kilio cha kweli, na mama mwenye mtoto mchanga hatulizwi kwa kuambiwa kwamba muziki ni turathi. Hata hivyo kilio chake ni cha kelele, na kelele ina dawa yake. Berlin ilitenga euro milioni 1 kusaidia klabu kuziba kuta na dari zisipitishe sauti. Halmashauri zetu zinaweza kudai hayo kabla ya kutoa leseni, zikaainisha maeneo na saa, na zikamwajibisha mwenye ukumbi anayejulikana kwa jina na anwani. Zikifunga kumbi zote, muziki huhamia kwenye kigodoro, dansi la uchochoroni, ambako hakuna kuta, hakuna mlango, na binti anayeshambuliwa saa tisa usiku hana baunsa wa kumkimbilia.