Tani 38, Halafu Mnaniambia Ni Kifaru Chepesi

Kila nikiweka kitu kuhusu vifaru hapa, lazima msee mmoja aandike kwa komenti ati droni zimemaliza vifaru, tusonge mbele. Mwingine anamjibu ati dawa ni vifaru vyepesi, vidogo, vya kukimbia. Nyinyi wote wawili mnanichosha, na leo nawajibu pamoja kwa kutumia M10 Booker, ile mashine ambayo jeshi la Marekani lilitangaza Juni 2025 kwamba halinunui tena. Booker haikugongwa na droni hata moja. Haikufika vitani kabisa. Ilishindwa na uzito wake yenyewe.

Wacha nianze na kazi iliyoombwa. Askari wa miguu, hasa wale wa miavuli, wakishuka mahali huwa hawana mzinga mkubwa wa kutembea nao. Wakikutana na bunduki ya rashasha ndani ya jengo la zege wanalala chini wakingoja ndege. Abrams ingemaliza hiyo maneno haraka, lakini Abrams ni zaidi ya tani 60, unaileta aje? Kwa hivyo wakaomba gari la minyororo lenye mzinga wa milimita 105, la kutoboa mahandaki na kuchoma magari madogo ya deraya. Kupigana na vifaru vikubwa haikuwa kazi yake. General Dynamics wakapata kandarasi Juni 2022, na mpango ulikuwa kununua karibu 500.

Halafu ikanenepa. Sharti la kudondoshwa kwa mwavuli likatolewa, chuma kikaongezwa, na kitu kikatoka na tani kama 38, watu wanne ndani. Ndege ya C-17 iliyotarajiwa kubeba mbili ikabaki kubeba moja. Na kule Fort Campbell, nyumbani kwa kikosi cha 101, hesabu ikaonyesha madaraja 8 kati ya 11 ya kambi yenyewe yangepasuka ikipita juu. Kambi yao! Bado hatujafika kwa daraja la kijiji cha mtu.

Jeshi lenyewe lilikataa katakata kuiita kifaru chepesi. Lilikuwa linasema ukweli bila kujua. Tani 38 unazijua ukiangalia hapa kwetu: Vickers Mk 3, vile vifaru Kenya iliagiza kutoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 70, vina uzito unaokaribia huo na mzinga wa milimita 105 vilevile. Kwa KDF hicho ndicho kifaru kikubwa. Hakuna afande atakuambia ni chepesi.

Sasa usinijibu ati basi haiwezekani kutengeneza chepesi kweli. Iliwezekana zamani. M551 Sheridan ilikuwa tani kama 15, mwili wa aluminiamu, na Desemba 1989 Marekani ilizidondosha Panama kwa miavuli, usiku. Hiyo ndiyo kazi ya kifaru chepesi: kuwa pale ambapo kingine chochote chenye mzinga bado hakijafika. Lakini Sheridan hiyo hiyo ilipelekwa Vietnam mwaka wa 1969, ikatumika pamoja na vifaru vya kawaida kana kwamba ni ndugu zao. Bomu la kutegwa ardhini lilipasua sakafu, na ganda la risasi zake za mzinga lilikuwa la kuungua badala ya shaba. Unajua kilichofuata kwa waliokuwa ndani.

Na watu hawasomi. Januari 2023 Macron aliahidi Ukraine AMX-10 RC, gari la magurudumu sita lenye mzinga wa milimita 105, lililotengenezwa kwa upelelezi. Vichwa vya habari vyote: vifaru vyepesi! Miezi michache baadaye, kamanda mmoja wa Ukraine aliambia shirika la AFP kwamba deraya ni nyembamba mno kwa kushambulia mstari wa mbele, na kwamba watu wanne walikufa ndani ya moja baada ya mzinga kulipuka karibu. Karibu, sio juu yake. Ukiita kitu kifaru, kuna mtu atakiendesha kama kifaru. Ndio maana hili jina linanikasirisha hivi.

Mahali pekee naona hii kitu ikiwa na akili ni mpaka wa China na India. Huko juu hewa ni nyembamba, injini inapoteza nguvu, barabara ni kamba tu pembeni ya mlima. China ikaweka Type 15 huko, tani 33 hivi, injini ya nguvu za farasi 1,000, watu watatu kwa sababu mashine inajaza mzinga. Baada ya mapigano ya Galwan mwaka wa 2020, India ilipeleka Ladakh T-72 na T-90, zote za zaidi ya tani 40. Zilifika, ndio, na askari wao ni wakali. Lakini mito ya huko haina huruma: Juni 2024, askari watano wa India walikufa na T-72 yao wakivuka mto Shyok baada ya maji kupanda ghafla. Wiki iliyofuata India ikaonyesha Zorawar, tani 25, iliyochorwa iweze kuelea majini. Hapo wepesi una sababu unayoweza kuonyesha kwa kidole kwenye ramani.

Na wewe wa droni, ndio, droni ya bei ya simu inaweza kuingia Zorawar kutoka juu. Inaingia T-90 pia, kwa sababu paa la kila kifaru ni nyembamba. Tofauti ni kwamba T-90 ukiivisha kizimba cha chuma bado ni T-90. Zorawar ukiivisha kizimba, mabamba ya pembeni na mitambo ya kuvuruga mawimbi, unarudi pale pale Booker ilianzia. Iko kwa majaribio sasa hivi. Mimi nitakuwa nahesabu tani: 25, 27, 30…