ELIMU YA BAHARI IRUDI PWANI

Kila bamvua linapofika na maji yakatoka, akina mama wa pwani yetu, bara na visiwani, hushuka miambani na vijiti mikononi kutafuta pweza. Wahenga walisema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, nao walisema kweli. Lakini leo mvuvi akiulizwa, mara nyingi hujibu kwamba pweza amekuwa haba, na apatikanaye ni mdogo. Jambo hili si la wavuvi peke yao. Pweza wetu hugandishwa viwandani na kupelekwa Ulaya. Mfanyakazi wa kiwanda, dereva wa lori na mchuuzi wa sokoni wote wanakula katika sahani hiyo moja.

Twaona kwamba kasoro si kukosa elimu. Elimu ipo, ila imegawanyika: nusu yake iko pwani, na nusu iko makabatini. Nchi yetu ina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja tangu miaka ya 1970, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1980. Sheria ya Uvuvi ya Tanzania Bara ya mwaka 2003 nayo ilivipa nafasi vikundi vya wanakijiji vya kusimamia bahari, maarufu kwa jina la BMU. Vikundi hivyo husaidia kuandika samaki wanaoshushwa. Walakini daftari likiisha kujazwa hupanda wilayani, na kutoka wilayani hupanda wizarani. Jibu lake kushuka tena kijijini ni nadra. Mvuvi hutoa habari kila siku, naye hapewi habari.

Hebu tutazame hasara yake. Mtaalamu anajua kwamba pweza wetu huishi mwaka mmoja hivi, wala hauzidi sana. Kwamba hukua upesi mno, hata miezi miwili au mitatu ya kumwacha hubadili kabisa mizani. Na kwamba jike hutaga mara moja tu, akayalinda mayai yake bila kula, kisha akafa. Mama wa miambani anajua tundu lipi lina mwenyewe, na msimu gani pweza huwa wengi. Elimu hizi mbili zikikutana, kijiji kitajua mwamba upi ufungwe, lini, na kwa muda gani. Zikitengana, mtaalamu hana mwamba, na mama hana kalenda.

Haya si maneno matupu. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kijiji cha wavuvi kusini-magharibi mwa Bukini, yaani Madagaska, walikubaliana kufunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa. Walipoifungua mwaka 2005 walipata pweza wakubwa zaidi, na vijiji vingine vikaja kuona, vikafuata. Mnamo miaka ya 2010 Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, nacho kilianza kufunga miamba yake. Elimu hiyo ilienea kwa mvuvi kumwonyesha mvuvi mwenziwe, naye akasadiki kwa kuwa aliiona mizani.

Wako watakaosema kwamba mvuvi naye ni msiri. Ni kweli, na ana sababu. Aliyewahi kumwonyesha mgeni chimbo lake, kisha akasikia kwamba limepigwa marufuku bila yeye kuulizwa, hatasema tena. Vilevile kufunga mwamba kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia kwanza mama asiye na chombo, ambaye hawezi kwenda mbali. Kama yeye hakuwamo katika shauri, kufunga huko kutakuwa dhuluma. Na siku ya kufungua, wageni wakiruhusiwa kuvamia, faida ya miezi mitatu yaweza kwisha kwa maji mawili. Kwa hiyo elimu ya kugawana ni pamoja na elimu ya kugawana mavuno.

Basi twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila utafiti unaofanywa katika pwani yetu usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji kilichotoa habari. Pili, nakala ya daftari la samaki ibaki kijijini, na mafungu yake yajadiliwe kila msimu. Tatu, vijiji vitembeleane. Maana watoto wa pweza huchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, na anayelindwa hapa huenda akakulia kwa jirani. Nne, wanunuzi na viwanda vikatae pweza wa chini ya nusu kilo, kama Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinavyoagiza. Hapo wafanyakazi wa viwandani wanayo kazi, kwa sababu mizani iko mikononi mwao.

Wanachama walioko pwani wasingoje amri ya kuyaanza haya. Matawi yetu yako vijijini, na mkutano mmoja wa kusoma daftari hauna gharama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari asilosomewa mwenye mali nalo ni upotevu. Bahari ni ya wananchi. Habari zake nazo ziwe zao.