Mali Bila Daftari

Asubuhi ya kipupwe, mwanamke wa Unguja akikuta mafuta yake ya nazi yameganda chupani haiti mhandisi. Huiweka chupa juani, au huitia katika maji ya moto, akangoja. Kisa kizima cha mabomba ya mafuta yapashwayo moto chini ya bahari kimo ndani ya chupa ile. Hata hivyo, kila panapotajwa mafuta na gesi, hawakosekani wasomi wa kusema kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu mno, kwamba Kiswahili hakiyawezi, na kwamba kiachiwe mashairi na taarabu. Kauli hiyo ni ya uvivu, na uvivu huo una bei.

Na itazamwe kazi yenyewe. Mafuta na gesi hutoka ardhini yakiwa ya moto, kisha huingia katika bomba lililolazwa sakafuni mwa bahari, penye baridi kali. Yakipoa, nta iliyomo ndani ya mafuta huganda na kushika kuta za bomba. Gesi nayo, ikikutana na maji chini ya kani kubwa, hufanya kitu mfano wa barafu, kiitwacho haidreti, kiwezacho kuliziba bomba zima. Hatari huzidi pale uzalishaji unaposimama, maana kilichotulia bombani hupoa. Ndipo Wanorwei walipofunga waya mnene mgongoni mwa bomba, kama mtoto katika mbeleko, wakapitisha umeme katika chuma chenyewe hadi kikapata joto. Njia hiyo ilianza kutumika Åsgard mwaka 2000; mwaka 2009, huko Tyrihans, ilitumika kwa bomba la kilomita 43.

Je, ni neno gani hapo lililomshinda Mswahili? Kuganda, kupasha, nta, kuziba: yote ni maneno ya jikoni na ya pwani. Lililokosekana limekopwa, kama yalivyokopwa meza na shule. Tena TUKI ilikwisha kutoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Istilahi si udhuru tena.

Watajitetea wengine kwamba hayo ni ya Norwei, kwenye theluji, na Bahari ya Hindi ni vuguvugu. Ni vuguvugu pale anapoogelea mtu. Gesi iliyogunduliwa tangu mwaka 2010 mbele ya pwani ya kusini ya Tanzania iko, kwa sehemu kubwa, chini ya maji ambayo kina chake hufika mita 2,500 hivi, na huko chini joto la maji ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Wala jambo hili si la baharini pekee. Bomba la kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443 za nchi kavu, limebuniwa lipashwe kwa umeme na kudumishwa kwenye nyuzi 50, kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Tanzania, kupitia TPDC, ina hisa ya asilimia 15 katika bomba hilo.

Hapa ndipo lugha inapogeuka fedha. Chini ya mkataba wa kugawana mapato, gharama za mwekezaji zilizokubaliwa hurejeshwa kwanza, kisha ndipo kinachobaki kikagawanywa. Waya wa mgongoni ni gharama. Mtambo wa kuzalisha umeme wake ni gharama. Dawa za kuzuia kuganda, ziwezazo kutumika badala ya moto, nazo ni gharama. Kuchagua kati ya moto na dawa, au kati ya kupasha muda wote na kupasha bomba linaposimama tu, ni uamuzi wa wahandisi unaolipunguza au kuliongeza fungu la mwananchi. Lakini mkataba wa mfano uliotolewa na TPDC mwaka 2013 uliandikwa kwa Kiingereza. Zanzibar nayo ilitia saini mkataba wa kugawana mapato na RAK Gas mwaka 2018, kwa kitalu cha Pemba–Zanzibar. Mvuvi wa Pemba atahoji vipi gharama ambayo hata jina lake hakutajiwa?

Mwaka 1971 kamati ya Bunge la Norwei iliweka misingi ya siasa ya mafuta, iliyokuja kuitwa amri kumi. Iliiandika kwa Kinorwei, lugha ya taifa ambalo hata leo halifiki watu milioni 6. Hawakungoja Kinorwei kikomae ndipo kitumike. Lugha hukomaa kwa kutumiwa.

Ni kweli kwamba mwekezaji na wakili wake wanahitaji Kiingereza. Na wabaki nacho. Lakini kila mkataba, na kila taarifa ya gharama, itolewe pia kwa Kiswahili, siku ile ile na kwa nguvu ile ile ya sheria. BAKIZA na BAKITA wakae na wahandisi kabla ya kusainiwa, si baada. Na ujira wa mfasiri uingizwe katika gharama zizo hizo zinazorejeshwa. Hautafikia bei ya kipande cha waya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lililoandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye mali si daftari.