Deni Limeisha, Jina Bado Chafu: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu

Kwa Dkt Kamau Thugge,
Gavana, Benki Kuu ya Kenya,
Barabara ya Haile Selassie, Nairobi.

Bwana Gavana,

Nina saiba ndogo hapa Umoja. Zamani watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi. Siku hizi wengi huja kutolewa ripoti za CRB, mashirika yanayoweka rekodi za madeni ya watu. Anakuja mtu na kitambulisho na nambari ya simu, ananiambia anachotaka kwa sauti ya chini kama mgonjwa anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu, na akishaisoma karatasi ananiuliza swali ambalo mimi sina jibu lake: "Hii nililipa. Mbona bado iko?"

Naandika kwa niaba ya hao, na hasa wale wanaotaka kununua nyumba kwa mara ya kwanza. Si wengi. Mtu wa mitaa yetu anayefika benki kuulizia mkopo wa nyumba huwa amekwisha kujipanga: ana mshahara au biashara yenye hesabu zinazoeleweka, ana hisa kwenye Sacco, amekwisha kuoneshwa nyumba inayouzwa Komarock au Tena, na nyumbani wamekubaliana. Huyo si mtu wa kubahatisha. Ndiyo maana inaniuma kumwona akirudishwa mlangoni kwa mkopo wa simu wa mwaka 2020.

Nitakupa mfano mmoja bila kutaja jina la mtu wala la benki, kwa sababu kisa chenyewe kinajirudia kwa sura nyingi. Mwalimu wa shule ya kibinafsi, Kayole. Machi 2020 shule zikafungwa, na walimu wa shule za kibinafsi wengi wao wakakaa miezi bila mshahara. Alikuwa na mkopo wa siku 30 kwenye simu, wa kununua unga na kulipia stima. Ulipoiva hakuwa na kitu, ukazaa riba, naye akaandikwa. Mwaka 2022, alipopata kazi, aliulipa wote na faini zake. Leo ameajiriwa na serikali, mumewe ni fundi wa mitambo Eneo la Viwanda, wana akiba ya kutanguliza, na wanataka mkopo wa shilingi milioni 3 wanunue fleti ya vyumba viwili. Kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 20, mkopo huo ungewatoka kama shilingi 27,000 kwa mwezi. Kodi wanayolipa sasa Donholm haiko mbali na hapo, na hawajawahi kupitisha mwezi. Benki iliwajibu kwa simu: mfumo umekataa.

Mfumo umekataa! Bwana Gavana, kanuni za mwaka 2020 zinazoongoza mashirika ya CRB ziliweka kiwango cha chini cha shilingi 1,000: kwa deni lililo chini ya hapo mtu haandikwi kwa ubaya. Lilikuwa jambo jema, maana kabla yake watu walikuwa wanachafuliwa jina kwa mia mbili. Lakini ukivuka hiyo elfu moja, huna tofauti na aliyekwepa milioni 10 za kampuni yake. Wote wawili, wakishalipa, taarifa hiyo mbaya inakaa kwenye rekodi miaka 5 kuanzia siku ya kulipa. Mwalimu wetu alimaliza deni 2022. Karatasi itamtaja hadi 2027. Anayesema "lakini itaonesha kuwa amelipa" anasema kweli, ila hajaketi na afisa wa mikopo. Afisa anaangalia rangi iliyo kwenye kompyuta, hasomi hadithi.

Najua ofisi yako imewahi kusema hadharani kwamba jina kuwa CRB kusiwe sababu pekee ya kumnyima mtu mkopo. Na mwaka 2025 mlitoa mfumo mpya wa kupanga riba, unaoanzia kwenye kiwango cha KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo mabenki hukopeshana kwa usiku mmoja, kisha benki inaongeza chake kulingana na hatari ya mkopaji. Maana yake, kama nimeuelewa, ni kwamba mtu mwenye doa atozwe zaidi kidogo, na asiye na doa apunguziwe. Basi mbona wa doa dogo hatozwi zaidi, anafungiwa mlango kabisa? Mwalimu huyo angekubali kuongezewa. Hata asilimia 11 angeikubali. Hakuna aliyemwambia bei.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu mitaa hii ina historia na mambo haya. Kaloleni, Makongeni na Bahati zilijengwa wakati wa mkoloni, na Mwafrika alikuwa mpangaji tu: una kazi mjini, unakaa, kazi ikiisha, urudi kwenu. Baada ya uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1965 Serikali ikishirikiana na shirika la CDC la Uingereza iliunda Housing Finance Company of Kenya. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 70 Buruburu ikaanza kupanda, awamu baada ya awamu hadi tano, kwa fedha za CDC, na wanunuzi wakapewa mikopo ya kulipa kwa miaka mingi. Walionunua walikuwa makarani, manesi, walimu, watu wa posta na reli. Dandora ilianza 1975 kwa fedha za Benki ya Dunia, ploti kama 6,000, ambapo wengi walipewa kipande chenye choo na bafu, pamoja na mkopo wa vifaa ili wajenge chumba kimoja kimoja. Umoja, ninapofanyia kazi, ilifuata kwa msaada wa Wamarekani.

Hao wote walikopeshwa kabla ya kuwapo CRB. Hakuna aliyekuwa na alama, nzuri wala mbaya. Kilichoangaliwa ni kazi, mshahara, na mtu mwenyewe. Sisemi kila kitu kilikwenda sawa: Dandora ploti nyingi ziliishia mikononi mwa watu wasiokusudiwa, na Buruburu ya leo, yenye maduka na vyumba vya kupangisha vilivyochomekwa mpaka kwenye ua, hata mchoraji wake hawezi kuitambua. Lakini watoto wa makarani wale walirithi nyumba. Wajukuu wao wanapanga Pipeline, kwenye majumba ya ghorofa saba ambako nguo hazikauki kwa kukosa jua.

Sasa hesabu za ofisi yako mwenyewe. Nchi hii ina mikopo ya nyumba takriban 30,000 tu katika mabenki, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu kaya milioni 12. Novemba 2022, mlipoanzisha mpango wa kuwasafishia majina waliokosa kulipa mikopo ya simu ya mabenki, mlisema ungeweza kuwafaa watu zaidi ya milioni 4. Mikopo yao yote ilikuwa kama shilingi bilioni 30, yaani asilimia 0.8 ya mikopo yote ya mabenki. Hapo ndipo mimi husimama. Kwa chini ya shilingi moja katika kila mia, watu milioni 4 waliwekwa upande wa wasioaminika. Na bado katika miaka iliyofuata mikopo isiyolipika ya mabenki ilipanda ikapita asilimia 16. Fedha hizo hazikupotelea Kayole kwenye unga.

Mpango huo wa 2022 ulikuwa mzuri na ningependa kuusifu kabla ya kuulaumu. Benki zilitakiwa kumsamehe mtu angalau nusu ya deni, alipe iliyobaki, na rekodi yake irekebishwe. Nakumbuka foleni ilivyokuwa hapa saiba. Ila ulikoma mwisho wa Mei 2023, ukahusu mikopo ya simu ya mabenki tu, na aliyekuwa amekwisha kulipa deni lote kabla ya mpango, kama mwalimu wetu, hakupata chochote. Aliyengoja alisamehewa nusu na akasafishwa. Aliyejikaza akalipa yote alibaki na doa lake. Mtu akiniuliza hapo nimweleze haki iko wapi, nanyamaza.

Bwana Gavana, nimekuandikia wewe na si Wizara ya Nyumba kwa sababu moja. Mashirika ya CRB yanapewa leseni na wewe. Benki zinasimamiwa na wewe. Wakopeshaji wa kidijitali, tangu kanuni za 2022, wanapewa leseni na wewe. Na Kenya Mortgage Refinance Company, iliyoundwa ili benki na Sacco zipate fedha za muda mrefu na ziwakopeshe watu wa kipato cha kawaida kwa riba ya tarakimu moja, ilipata leseni yake kwako mwaka 2020. Tukiondoa Sacco, ambazo zina msimamizi wao, njia yote kutoka kwenye mkopo wa simu hadi kwenye hatimiliki inapita mezani pako. Fedha za umma na za wafadhili zimewekwa kwenye kampuni hiyo ili mlango ufunguke. Doa la shilingi 1,200 linaufunga kabla mtu hajabisha.

Kuna kingine kinachonisumbua. Karatasi ninayochapisha inajua mkopo wa siku 30 uliochelewa. Haijui kwamba mwenyewe amelipa kodi kwa M-Pesa kila tarehe 5 kwa miaka kumi, katika mji ambao ukipitisha wiki unakuta mlango umetiwa kufuli. Haijui chama chake, wala tokeni za stima. Kwa mkopo wa nyumba, kipi kinaeleza zaidi tabia ya mtu: deni la unga la wakati wa Korona, au kodi ya nyumba aliyoilipa mwaka baada ya mwaka? Marekani, shirika la Fannie Mae tangu 2021 linahesabu kodi iliyolipwa vizuri linapompima anayenunua nyumba mara ya kwanza. Kanuni zetu zenyewe tayari zinaruhusu taarifa nzuri kupelekwa CRB, si mbaya peke yake, na zinakupa wewe uwezo wa kuidhinisha watoa taarifa wengine nje ya benki. Mpangaji akikubali kwa saini yake, kodi yake iandikwe. Wenye nyumba watagoma kwanza, kwa kuogopa ushuru wa KRA, na hilo nalijua. Anzeni na wanaolipisha kupitia mawakala na nambari za paybill.

Ninachoomba hakihitaji Bunge kuandika sheria mpya ya benki. Umri wa doa upimwe kwa ukubwa wa deni. Deni dogo, tuseme chini ya shilingi 20,000, likishalipwa lote liondoke baada ya mwaka mmoja. Miaka 5 wabakie nayo wenye mamilioni. Waliolipa kamili kabla ya mpango wa 2022 wapewe kile kile walichopewa wenzao. Na benki inayopata fedha za mkopo wa nyumba kutoka kwa Kenya Mortgage Refinance Company ilazimike kumwandikia kila inayemkataa: ni taarifa gani iliyomwangusha, ya mwaka gani, ya shilingi ngapi, na riba gani angetozwa kama angekubaliwa. Simu ya "mfumo umekataa" isihesabike kuwa jibu. Kisha benki hizo ziwe zinaleta kwako idadi ya waliokataliwa kwa madeni yaliyokwisha kulipwa, nawe uichapishe kwenye ripoti yako ya mwaka karibu na hiyo idadi ya mikopo 30,000.

Wakati tunangoja, kuna jambo la wiki hii. Mtaani wamejaa watu wanaojiita wasafishaji wa CRB. Wanabandika matangazo kwenye nguzo za stima na vituo vya matatu, wanachukua elfu tatu, elfu tano, wanaahidi jina litatoka usiku. Jina halitoki. Wateja wangu wengi hawajui kwamba kila mtu ana haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka, na kwamba akinyimwa mkopo kwa sababu ya ripoti anaweza kudai nakala nyingine. Wanalipia shilingi 2,200 za cheti, halafu wanamlipa tapeli. Tangazo moja la Benki Kuu kwa Kiswahili, kwenye redio za mtaani na kwenye milango ya saiba zetu, lingeokoa fedha nyingi kuliko hotuba. Nitumie nakala, karatasi na gundi nitanunua mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwenye saiba, Umoja, Nairobi