Chula na Madai Manne Kuhusu Taifa

Katika mijadala juu ya Somalia kuna madai manne yanayorudiwarudiwa hadi watu wameyazoea kama ukweli. Watu wa Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, na visiwa jirani wanastahili yajibiwe, moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: Somalia ni taifa la asili moja, dini moja na lugha moja.
Dini inawaunganisha karibu wote, naam. Lakini lugha si moja. Katika visiwa vya Chula, Chovai na Koyama watu husema Kibajuni. Katika mji wa Barawa husemwa Chimiini. Lugha hizo zilikuwapo pwani hii kabla ya bendera ya uhuru ya 1960 kupandishwa.

Dai la pili: Mpaka wa Somalia na Kenya, kule Ras Kiamboni, ulifuata watu.
Ulifuata deni la vita. Kwa Mkataba wa London wa 1915, Italia iliahidiwa fidia barani Afrika ikiingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1918 Rais Wilson wa Marekani alitangaza kwamba maslahi ya wenyeji wa makoloni yapewe uzito sawa na madai ya watawala. Hata hivyo, mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, Kismayo ikiwamo, bila kura ya wenyeji. Wabajuni wa Chula wakawa chini ya dola moja, ndugu zao wa kisiwa cha Kiwayuu, Kenya, chini ya nyingine.

Dai la tatu: Penye lugha nyingi hapana utawala huru.
Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1861 kwamba jambo hilo karibu haliwezekani. Lakini mwaka 1882, mjini Paris, mwanahistoria Mfaransa Ernest Renan aliitaja Uswisi, yenye lugha kadhaa, akasema kinachounda taifa ni kumbukumbu za pamoja na ridhaa ya kuishi pamoja. Ridhaa hutolewa na anayesikilizwa. Nayo lugha moja si kinga: mwaka 1991 dola ya Somalia, iliyodaiwa kuwa ya lugha moja, ilivunjika, na Wabajuni wengi wakakimbilia pwani ya Kenya.

Dai la nne: Mfumo wa 4.5 umewapa wachache haki yao.
Mfumo huo, uliotumika katika mkutano wa amani wa Somalia huko Arta, Djibouti, mwaka 2000, uliyapa makundi manne makubwa ya koo fungu zima la viti vya bunge kila moja, na wengine wote, Wabajuni wakiwamo, nusu fungu. Haki ya raia haikatwi nusu kwa sababu ya nasaba. Mvuvi wa Chula anastahili kura nzima, na mwanawe shule inayoiheshimu lugha ya mama yake. Dola inayotaka ridhaa yao ianzie hapo.